Muziki wa Kujitegemea Upande wa Bara, Mombasa: Uhuru kutoka kwa Nani?

Neno indi limekwisha kuingia katika mazungumzo ya vijana wa vyuo vya Afrika Mashariki, na kila linapotajwa huambatana na majivuno ya aina fulani. Bendi ya indi, studio ya indi, msanii wa indi: maana inayokusudiwa ni kwamba mtunzi hana bwana. Hakuna kampuni iliyomlipia gharama za kurekodi, hakuna meneja aliyemwekea masharti, na wimbo wake haukupitia mlango wa mtu yeyote kabla ya kuwafikia wasikilizaji. Kwa Kiswahili husemwa muziki wa kujitegemea, au kwa ufupi muziki huru. Wahakiki waliougusa muziki huu aghalabu wameipokea fasili hiyo kama ilivyo, nao wameshughulika zaidi na swali la nani anamiliki mashine kuliko swali la nini kinachosemwa, kwa lugha gani, na kwa masikio ya nani. Makala haya yanadai kwamba fasili hiyo ni pungufu. Mtunzi aweza kumiliki kila waya uliomo studioni mwake na bado neno lake likawa la kuazima; na mwingine aweza kuimba kwa tuni ya filamu ya Bombay, akarekodiwa na mwenye duka, akalipwa kwa noti za harusini, na neno lake likawa huru kabisa. Mfano wa kulijadilia jambo hili unatolewa Kisauni, hasa Mtopanga na vitongoji vya jirani, kwa kuwa ni hapo ambapo aina zote hizo za muziki zimekutana katika eneo dogo.

Asili ya istilahi yenyewe yafaa ielezwe kidogo, maana imesahauliwa hata na wale wanaoitumia. Nchini Marekani, mwaka 1948, serikali iliruhusu shule na vyuo viendeshe vituo vya FM kwa nguvu ya wati 10 tu. Sauti ya wati 10 hufika mabwenini, katika mikahawa ya jirani, na pengine katika mtaa wa pili, basi. Vituo vya namna hiyo viliongezeka hadi mwaka 1978, serikali ilipoacha kutoa vibali vipya vya nguvu hiyo ndogo. Wanafunzi waliokesha humo wakipiga sahani zisizotakiwa na redio za biashara ndio waliozilea bendi za roki ambazo baadaye zilijaza viwanja. Bendi ya R.E.M. ya mji wa Athens, katika jimbo la Georgia, ilitoa sahani yake ya kwanza mwaka 1981 kwa kampuni ndogo ya Hib-Tone, ikapigwa vyuoni kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kampuni kubwa ya Warner mwaka 1988. Kituo cha KCMU cha Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kilichoanza mwaka 1972, kilifanya kazi hiyo hiyo mpaka kilipogeuzwa kuwa KEXP mwaka 2001. Uingereza nako orodha ya pekee ya sahani za kampuni huru ilianza kuchapishwa mwaka 1980, na muda si muda indi ikaacha kuwa habari ya mkataba, ikawa jina la mtindo: magita ya mlio fulani, mavazi fulani, sauti ya kunung'unika.

Jambo la kuzingatiwa katika historia hiyo ni ukaribu. Msikilizaji wa wati 10 alikuwa mtu wa pale pale. Lau wimbo ulimchukiza, aliweza kwenda kwa miguu hadi mlangoni na kumwambia mtangazaji. Mwimbaji wa R.E.M. katika siku zake za mwanzo aliyatamka maneno yake kwa kuyameza, hata ikawa vigumu kuyaelewa, na hakulazimika kuyafafanua kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wenzake. Hilo ndilo lililoifanya lugha yake kuwa yake. Vijana wa Afrika Mashariki walipoipokea indi waliupokea mtindo na habari ya mkataba. Ukaribu haukuvuka bahari.

Mtopanga ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Kisauni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Wakazi wake ni Wagiriama na Wamijikenda wengine, Waswahili waliohama kisiwani, pamoja na watu waliotoka sehemu za ndani za Kenya kufuata kazi za hoteli, za viwanda na za bandari. Katika ua mmoja huweza kusikika Kiswahili cha lafudhi tatu au nne. Huko studio ni chumba cha kupanga: kompyuta, maikrofoni moja, na godoro lililoegemezwa ukutani ili kunyonya mwangwi. Gharama ya kurekodi imeshuka hata kijana wa bodaboda huweza kuilipa. Kwa fasili ya mikataba, basi, karibu kila mwanamuziki wa Mtopanga ni indi, na istilahi inayowahusu wote haimbagui hata mmoja.

Si mbali na hapo, kuelekea kisiwani, upo Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 ili kuwapa makao watu waliokombolewa utumwani. Kengele ya wakati huo ndiyo iliyolipa jina eneo la Kengeleni. Hapo ndipo alipotoka Joseph Ngala, mpiga saksafoni ambaye jina lake halitenganishwi na mtindo wa bango, yaani ule mchanganyiko wa jazi, rumba na midundo ya Pwani uliotamba katika harusi za upande wa bara. Bango haikuhitaji kampuni ili iishi. Ilihitaji kalenda ya harusi. Mwenye shughuli alikodi bendi, waalikwa wakacheza, na kati ya hao waalikwa akapatikana mwenye shughuli ya mwezi ujao. Lugha ya bango ni nyepesi. Haina mafumbo ya taarab wala haikudai kuwa nayo, na wahakiki wa ushairi wameipita kana kwamba haipo. Wamekosea. Wepesi huo umepimwa kwa sikio la bibi wa Kigiriama na la karani wa bandari waliokaa meza moja, na kuutunga wepesi wa namna hiyo ni kazi.

Taarab ya Mombasa yatoa ushahidi ulio mzito zaidi. Katika miaka ya 1950, kituo cha Sauti ya Mvita kilipokuwa kikitangaza kutoka Mombasa, redio na mwimbaji na mtunzi wa mashairi walikuwa watu wa mji mmoja. Baada ya uhuru redio ikawa ya taifa: Sauti ya Kenya tangu mwaka 1964, kisha KBC tangu mwaka 1989. Kitovu kikahamia Nairobi, na nafasi iliyoachwa Mombasa ikajazwa na kaseti. Mbwana Radio Service, duka la mjini Mombasa, lilikuwa likitoa kaseti za waimbaji wa mji huo kwa wingi kuliko kampuni yoyote ya Nairobi. Kaseti ilinakiliwa kwa idadi iliyotakiwa, haikungoja kibali cha mtangazaji, na ilimfikia mvuvi wa Lamu na mwanamke wa Muscat kwa mkono wa jamaa anayesafiri. Kama kuna kitu Afrika Mashariki kilichostahili jina la muziki wa kujitegemea, ni hicho, na kilikuwako kabla ya jina lenyewe kufika.

Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyekuwa nyota wa kaseti hizo. Tuni zake nyingi zilitoka katika filamu za Kihindi, na kwa sababu hiyo walikuwapo waliomshutumu kuwa ni mwigaji. Shutuma hiyo ilisikiliza nusu ya wimbo. Maneno aliyoyaimba yalitungwa na watu kama Ahmad Nassir, aliyeandika Malenga wa Mvita, na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi yake ya kisiasa, kisha akatoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Ni ushairi wa Kimvita usiolegezwa. Mwimbaji alilazimika kuichukua tuni iliyotengenezwa kwa silabi za lugha nyingine na kuipindapinda mpaka ikaubeba mshororo wa Kiswahili bila ya kuuvunja. Tuni ilikuwa ya kuazima, na neno likabaki la nyumbani. Aliyeazima tuni alifahamu kwamba mnunuzi wa kaseti angemsamehe hilo, ila asingemsamehe neno lililokaa vibaya.

Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016, alichukua njia nyingine. Yeye alizirejea tuni za kale za Pwani na za Uarabuni, na kuyaimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany, bingwa wa maneno yaliyokaribia kusahauliwa. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London, tawi la Ace Records, ilitoa sahani yake iitwayo Mtindo wa Mombasa. Ace ilikuwa kampuni huru kwa maana ile ile ya Uingereza. Indi ya London, kwa hiyo, ilikuja Mombasa kumtafuta mpiga udi, naye hakubadilisha hata silabi moja ili aeleweke na wanunuzi wake wapya. Aliimba kama alivyoimba harusini, na wao wakajipatia tafsiri kama walivyoweza.

Mfano wa kinyume uko karibu. Them Mushrooms, bendi iliyoundwa Mombasa mwaka 1972, ilipiga katika hoteli za ufuoni, na mwaka 1982 ikatoa Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison uliouzwa sana na ambao bendi ya Boney M. iliuimba kwa namna yake mwaka uliofuata. Wasomi wa Kiswahili wameukejeli wimbo huo kwa miaka mingi, hasa kwa kuwa hakuna Mswahili amwamkiaye mwenziwe jambo, bila ya kiambishi. Kejeli hiyo ni rahisi mno. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana na atakayeondoka baada ya wiki mbili, nao ulimpa kiasi cha Kiswahili ambacho mgeni huyo angeweza kukibeba. Kwa kipimo cha kusudi lake umefuzu kabisa. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba msikilizaji wa mbali, hata akiwa mpole na mwenye mapenzi, huichagulia lugha kipimo. Hakuna aliyewalazimisha Mushrooms. Meza za hoteli zilitosha kuwafundisha.

Yote hayo yanalazimu swali lililo gumu kuhusu vijana wa sasa. Katikati ya miaka ya 1990 Mombasa ilitoa Ukoo Flani, kundi la wanarapu lililokuja kuungana na vijana wa Dandora, Nairobi, waliokuwa karibu na Kalamashaka. Jina lenyewe lafaa litazamwe: wameandika flani, kama inavyotamkwa barazani, wala si fulani ya kamusi. Mwaka 2004 kulitolewa Kilio cha Haki, mkusanyo wa nyimbo zilizorekodiwa kwa msaada kutoka Uholanzi, bila ya kampuni ya biashara. Hapo Kiswahili cha Pwani na Sheng ya Nairobi vilikaa katika wimbo mmoja, pengine katika ubeti mmoja, na kila mmoja akatambulika alikotoka kwa jinsi alivyofungua kinywa. Hakuna aliyemezwa. Mwaka 2012 Andrew Eisenberg alichapisha uchunguzi juu ya hip-hop ya Pwani ya Kenya na suala la uraia wa kitamaduni, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo la kujiuliza ni kwa nini idara za Kiswahili za Afrika Mashariki zilimwachia mwanamuziki wa kigeni kazi ambayo nusu yake ni elimu ya lahaja.

Kwa upande wa vyuo, kundi lililoikaribia zaidi indi ya Kimarekani ni Just a Band, ambalo waasisi wake walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wimbo wao Usinibore, uliomo katika mkusanyo wa mwaka 2009, una jina ambalo mwalimu wa sarufi angeweza kulitumia darasani: kitenzi cha Kiingereza kimevikwa nafsi, ukanushi, yambwa na kiishio cha dhamira tegemezi, na kimekaa sawasawa kama kitenzi cha Kibantu. Mwaka uliofuata video ya wimbo wao Ha-He ilimfufua Makmende, shujaa wa vichochoroni ambaye jina lake ni kauli ya filamu ya Marekani iliyofinyangwa vinywani mwa watoto wa Nairobi. Nchi nzima ilicheka kwa kuwa neno lilikuwa lake. Magita na vinanda vya kundi hilo vingeweza kupigwa Seattle bila ya mtu kushangaa, ilhali mzaha wake usingeeleweka huko hata kidogo. Ni Bhalo tena, kwa ala nyingine.

Mtopanga hali si hiyo. Tangu Capital FM ianze Nairobi mwaka 1996 na kuufungua mlango wa redio za binafsi, Mombasa imepata vituo vyake: Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam, Radio Kaya, pamoja na Pwani FM ya KBC. Ilitarajiwa kwamba ukaribu uliopotea pamoja na Sauti ya Mvita ungerejea. Kwa kiasi umerejea, hasa katika mazungumzo ya asubuhi na salamu za wasikilizaji. Katika muziki, hata hivyo, wimbi lililovuma wakati huo huo lilikuwa la Bongo Flava kutoka Dar es Salaam, nalo lilikuja na studio bora, video bora na soko la watu wengi zaidi. Kijana wa Kisauni aliyetaka kupigwa redioni aliona upesi kwamba wimbo unaofanana na wa Dar es Salaam haumgutushi mtangazaji. Akajifunza.

Alichojifunza kinaonekana katika jambo dogo la sarufi. Hali ya mazoea huonyeshwa katika Kiswahili cha Pwani kwa kiambishi hu-: hupenda, huja, husema. Katika mazungumzo ya Tanzania, na hasa kwa athari ya lugha za huko bara, husikika -ga mwishoni: anapendaga, anakujaga. Nairobi nako, kwa athari ya lugha nyingine, husikika -anga: anapendanga, anakujanga. Katika nyimbo za vijana wa Kisauni si shida kuisikia -ga ikitamkwa na kijana ambaye nyanya yake hakupata kuitamka maishani, na ambaye mwenyewe, akitoka studioni na kumwita nduguye uani, hasemi hivyo. Mwenziwe wa mtaa wa pili, aliyelenga soko la Nairobi, atatumia -anga. Ile hu- ndiyo inayokosa mwimbaji. Viambishi hivyo vitatu ni kama anwani juu ya bahasha: humwambia msikilizaji mara moja barua imeandikiwa nani.

Hoja hii isichukuliwe kuwa ni wito wa kuitakasa lugha. Kiswahili kimekula kila kilichofika ufuoni na hakikuumwa tumbo. Tena Mombasa ina kumbukumbu chungu ya watu walioamua nini ndicho Kiswahili safi: mkutano wa mwaka 1928 uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe, na Kimvita, lugha ya Muyaka, kikaambiwa kibaki nyumbani. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kiutawala. Lakini ni kejeli ya historia kwamba washairi wa Mvita waliukaidi kwa miaka 50 bila ya studio wala mtandao, hata Abdilatif akaweza kuliita shairi lake Siwati, na wasomaji wa Kenya nzima wakajifunza kwamba huko Mvita kuwata ni kuacha, ilhali wajukuu walio na vifaa vyote wanaliacha neno hilo kwa hiari yao.

Hasara yenyewe ni ya kisanaa kabla ya kuwa ya utambulisho. Mtunzi wa Mombasa ana maghala mawili ya vina. Akitaka kina cha -cho anayo macho. Akitaka kina cha -to anayo mato, yakae pamoja na moto, joto, zito na pato. Nchi yaweza kuwa nti, njoo yaweza kuwa ndoo, kuchinja kukawa kutinda, kucheka kukawa kuteka. Washairi wa Mvita waliingia ghala hili na lile kwa jinsi beti ilivyodai, na hakuna aliyewauliza. Rapu, kuliko aina nyingine yoyote ya wimbo wa leo, huishi kwa vina. Katika miaka ya 1970 wasomi walipigana vikali juu ya urari wa vina na mizani. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 na kuwakasirisha wengi, na upande wa wanamapokeo ukajibu kwamba tungo zisizo na vina ni guni tu. Vijana wasioisikia habari ya mzozo huo wamevirudisha vina kwa mlango wa nyuma, tena vina vya kati na vya mwisho, na mara nyingine kwa ufundi ambao wanamapokeo wangeuvulia kofia. Kumwona kijana wa namna hiyo akilifunga kwa kufuli ghala lake moja, ati lisije likamchekesha mtangazaji, ni jambo la kusikitisha. Wako wasiolifunga. Kaa la Moto, mwanarapu wa Mombasa, amejijengea jina kwa kuushikilia utenzi wa Kiswahili katikati ya fasheni zilizopita mbele yake. Nyota Ndogo, ambaye si mwanarapu, alifika Kenya nzima kwa Watu na Viatu, wimbo uliosimama juu ya msemo wa mtaani wenye kina ndani yake, na hakuna aliyelalamika kuwa hakuelewa. Watangazaji wanaodai kwamba neno la Pwani haliuziki hawajaujibu mfano huo.

Serikali nayo imejaribu kusaidia kwa njia yake. Kanuni za utangazaji za Kenya zimevitaka vituo viwe na angalau asilimia 40 ya vipindi vya nyumbani. Lakini kanuni hiyo huhesabu uraia. Wimbo wa Nairobi wa -anga ni wa nyumbani huko Mtopanga sawa na wa Ngala, na wimbo wa Kisauni uliojivika -ga huhesabiwa kuwa wa Kenya kwa kila herufi yake. Mizani ya namna hiyo haiwezi kulipima jambo linalozungumzwa hapa, wala haikuundwa kwa ajili hiyo.

Zabaki redio za vyuo. Kenya inazo: Equator FM ya Chuo Kikuu cha Maseno, kituo cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Shine FM ya Daystar, na vingine. Dar es Salaam iko Redio Mlimani. Kwa umbo vinafanana na vile vya Marekani, lakini vimezaliwa kwa sababu tofauti. Vya Marekani, aghalabu, viliendeshwa na wanafunzi wa fani yoyote waliopenda sahani fulani na waliotaka kuzichezea wenzao. Vya Kenya, kwa sehemu kubwa, vimeambatana na idara za uandishi wa habari, na kazi yao ni kumwandaa mwanafunzi apate ajira. Mwanafunzi huyo anajua atakayemwajiri ni kituo cha biashara, kwa hiyo hujizoeza kusema kama kituo cha biashara: Kiingereza kilichorukwa na Sheng, vicheko vya kupangwa, na nyimbo kumi zinazopigwa kila mahali. Hawezi kulaumiwa, anafanya alichotumwa. Lakini chuo kinachompa mwanafunzi maikrofoni ili aige sauti ya mbali kimeutupa ukaribu ambao ndio uliozipa redio za wati 10 thamani yake. Idara za Kiswahili zilizo katika vyuo hivyo hivyo zina watu wanaozijua bahari za ushairi na lahaja za Pwani, na si mara nyingi mtu kusikia kwamba zimeombwa hata saa moja kwa wiki, au kwamba zimeomba zenyewe.

Upo ugumu mmoja ambao hata saa hiyo moja haitauondoa. Katika kaseti za harusini husikika mambo ambayo hayakutungwa na mtunzi. Mwimbaji afikapo kwenye mshororo unaouma, vigelegele hupasuka. Mara nyingine sauti ya mtu humjibu. Fidla huongezwa mzunguko mmoja ili mwenye kutuza apate nafasi ya kufika mbele na noti yake. Penye mshororo mbovu hapasikiki kitu. Mtu aliyezoea kuzisikiliza kaseti hizo hupata, pamoja na wimbo, uhakiki wake, uliofanywa papo hapo na watu waliouelewa hadi ndani, na aweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo Mombasa ilikubali na mahali ilipokataa. Wimbo uliorekodiwa Mtopanga mbele ya godoro hauna alama hizo. Mshororo ulio na mato na mshororo ulio na -ga hupita katika ukimya ule ule, na mwenye kuutunga hana njia ya kujua ni upi kati ya hiyo miwili ambao shangazi yake angeinuka kuutuza.